Paketi Moja, Kazi Mbili: Plastiki ya Vipodozi na Plastiki ya Dawa

Paketi ya chumvi ya ORS na paketi ya shampuu ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili ni tabaka nyembamba zilizobanwa pamoja: plastiki kwa ndani ili zishikane zinapopigwa moto, alumini au plastiki iliyopakwa alumini katikati ili kuzuia unyevu, na tabaka la nje la kupigia chapa. Ya kwanza hubeba gramu 20.5 za chumvi na sukari, huchanganywa na lita moja ya maji safi, na humwokoa mtoto anayeharisha. Ya pili hubeba shampuu ya kuoshea kichwa mara moja. Zikishatumika, zote mbili huangukia mtaro uleule, na hakuna anayeziokota. Mnunuzi wa chakavu hazitaki, kwa sababu tabaka zake zikishabanwa haziachani.

Viwanda vya vipodozi na vya dawa hununua malighafi zinazofanana, mara nyingi kwa watengenezaji walewale: polithini, polipropilini, PET na PVC. Tofauti iko katika kazi ambayo plastiki hupewa ikishafika huko. Kwenye dawa, mara nyingi plastiki hulinda dozi. Kwenye vipodozi, sehemu kubwa yake huuza sura, au huuza udogo wa kipimo. Sheria nyingi za mazingira bado hazijaigusa tofauti hiyo ipasavyo.

Katika vipodozi plastiki haikuishia kwenye chupa. Iliingia hadi ndani ya bidhaa. Kwa miaka mingi viwanda vilichanganya chembechembe za polithini kwenye sabuni za kusugulia uso na hata kwenye dawa za meno, ili zikwangue ngozi iliyokufa na uchafu. Kazi hiyo haikuwa ngeni. Wanawake wa Unguja huitumia singo, mchanganyiko wa maua na viungo vilivyosagwa, na liwa hupatikana kwa kusugua kipande cha msandali juu ya msio, jiwe lenye mparuzo. Vyote hivyo vikisuuzwa huoza vikaisha. Polithini haiozi. Ilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi, ni laini kuliko maganda ya kokwa yaliyosagwa, na kila punje hutoka kiwandani ikiwa ya kipimo kimoja.

Punje hizo kwa kawaida hazifiki milimita moja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walizihesabu katika sabuni za uso zilizokuwa sokoni, wakakadiria kwamba mililita 5 tu, kiasi cha kuoshea uso mara moja, huachilia kati ya punje 4,594 na 94,500. Mitambo ya kusafisha majitaka huzinasa nyingi, lakini si zote, na zilizonaswa hubaki ndani ya tope ambalo katika nchi nyingi hupelekwa mashambani kama mbolea. Afrika Mashariki nyumba nyingi hazijaunganishwa na mtambo wowote: maji ya bafuni huingia shimoni au mtaroni, na mvua za masika humalizia safari.

Marekani ilipitisha sheria ya kuzipiga marufuku punje hizo Desemba 2015, na utengenezaji ukakoma rasmi Julai 2017. Uingereza ilifuata mwaka 2018. Sheria hizo, hata hivyo, ziligusa bidhaa za kuoshea na kusuuza peke yake. Losheni, poda na rangi za mdomo ziliachwa. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi kwa kanuni ya mwaka 2023, inayohusu plastiki ndogondogo zinazowekwa kwa makusudi katika bidhaa za kila aina. Punje za kusugulia zilizuiwa papo hapo, bidhaa nyingine za kusuuza zimepewa hadi 2027, losheni na krimu hadi 2029, na vipodozi vya uso, mdomo na kucha hadi 2035. Miaka kumi na miwili ya kutafuta mbadala wa kung'arisha mdomo ni muhula wa ukarimu mno.

Chupa yenyewe ina hadithi yake. Chupa ya losheni yenye pampu ikifunguliwa, ndani yake hukutwa vitu vingi kuliko vinavyoonekana kwa nje: mwili wa polithini nzito, kichwa cha polipropilini, mrija, springi ndogo ya chuma, kigololi cha kuzuia losheni isirudi chini, na lebo ambayo huenda ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Chini hubaki losheni ambayo mrija haukuifikia. Muokota makopo wa Dar es Salaam anaweza kujaza kiroba kwa chupa za maji, akazikanyaga na kuziuza kwa kilo. Chupa ya losheni inamtaka aing'oe pampu na kuosha mafuta kwanza, na maji ya kuoshea anayanunua. Plastiki nyeusi, inayopendwa na vipodozi vya bei ya juu kwa kuwa inaonekana ya kifahari, ina tatizo jingine: rangi yake ya kaboni humeza mwanga ambao mashine za kuchambua taka huutumia kutambua aina ya plastiki, kwa hiyo hupita kama vile haipo.

Lililoshindikana kwa pampu limewezekana kwa tyubu ya dawa ya meno. Kwa miongo kadhaa tyubu hiyo ilikuwa na tabaka la alumini katikati ya plastiki, ikawa haina wa kuirejeleza. Mwaka 2019 kampuni ya Colgate ilitoa tyubu ya polithini nzito tupu, aina ileile ya chupa za maziwa za Ulaya na Marekani, baada ya wahandisi wake kuchanganya madaraja tofauti ya polithini hiyo hadi tyubu ikalainika ya kukamulika. Chombo kikiwa cha plastiki ya aina moja, angalau kinaweza kupata mnunuzi. Na kipo chombo kilichokwisha kujitatulia tatizo nyumbani bila mhandisi: kopo la mafuta ya kujipaka. Likiisha huoshwa, likawekwa chumvi, vifungo, au sindano na uzi, na kukaa kabatini miaka.

Paketi ndogo haina bahati hiyo. Biashara ya kuuza shampuu kwa paketi ya matumizi ya siku moja ilishamiri India miaka ya 1980 kisha ikasambaa Asia na Afrika. Kenya mtindo huo wa kuuza vidogovidogo hujulikana kwa jina la kadogo. Ufilipino, kwa makadirio ya shirika la GAIA ya mwaka 2019, hutumia paketi za aina hiyo zipatazo milioni 164 kila siku, kwa bidhaa zote pamoja. Mteja wake ni mtu anayelipwa kwa siku. Hawezi kufungia fedha ya wiki nzima ndani ya chupa moja ya shampuu, na kumlaumu yeye ni kumwonea. Kampuni ndiyo iliyochagua kukifuata kipato hicho kwa paketi isiyorejelezeka badala ya kukifuata kwa pipa na kipimo. Kwamba paketi inaweza kuondolewa sokoni si jambo la nadharia: Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe kali za paketi, maarufu kama viroba, ili kuwanusuru vijana na kwa ajili ya mazingira pia. Shampuu, losheni na sabuni za unga za ukubwa uleule zikabaki zimening'inia palepale dukani.

Kwenye dawa hesabu hubadilika. Zamani zahanati ilipokea vidonge katika kopo la elfu moja. Mtoa dawa alihesabu kwa kijiko au kwa kidole, akavitia kwenye kibahasha cha plastiki na kuandika juu yake 1×3, yaani kimoja kutwa mara tatu. Kila kopo lilipofunguliwa, hewa yenye unyevu iliingia, na kidonge cha mwisho hakikuwa sawa na cha kwanza. Kibahasha nacho kilipopotea, dozi ilipotea. Blista, yaani kile kibao chenye vishimo ambacho kila kidonge hukaa chumba chake, huzuia unyevu hadi dakika ile kidonge kinapobonyezwa, hubeba jina la dawa na tarehe ya mwisho, na kughushiwa kwake kunahitaji kiwanda badala ya sufuria.

Dawa ya mseto ya malaria, ALu, inaonyesha zaidi. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Mtoto wa chini ya kilo 15 humeza kimoja kimoja, jumla 6. Baadhi ya paketi zake hutofautishwa kwa rangi kulingana na uzito wa mgonjwa, na zina picha za kuonyesha kipi cha asubuhi na kipi cha jioni. Mama asiyejua kusoma hutazama kibao akaona vishimo vilivyobaki, akajua dozi haijaisha. Hapo plastiki imekuwa mwandishi. Ni vigumu kuipata karatasi itakayofanya kazi hiyo katika joto na unyevunyevu wa Tanga au Mombasa.

Hata hivyo blista nyingi hutengenezwa kwa PVC iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, na PVC ni miongoni mwa plastiki mbaya zaidi kuzichoma, kwa kuwa ina klorini. Ikiungua kwenye moto mdogo hutoa gesi ya asidi na inaweza kuzalisha dioksini, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziwekea masharti. Mkataba huo unavitaja vichomea taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vya dioksini. Nyumbani blista huishia kwenye moto wa uani pamoja na majani na mabaki ya jikoni. Kwenye vituo vya afya hali haina nafuu kubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilieleza kuwa asilimia 30 ya vituo vya afya duniani, na asilimia 60 katika nchi maskini zaidi, havina uwezo wa kushughulikia taka vinazozalisha, hata kabla ya kuongeza mzigo wa UVIKO-19.

Kwa hiyo dawa inahitaji plastiki, lakini si lazima iwe ileile. Kampuni ya Bayer imeanza kutumia blista za PET, isiyo na klorini, kwa dawa yake ya maumivu Aleve. Njia nyingine hupunguza chombo chenyewe: kwa nimonia ya watoto, WHO na UNICEF hupendekeza amoksilini ya vidonge vinavyoyeyushwa katika maji kidogo badala ya dawa ya maji ya chupani. Chupa, kifuniko na kikombe cha kupimia huondoka, mzigo wa lori hupungua, na haihitajiki friji.

Sheria za Afrika Mashariki zilianza na kilichokuwa kikipepea barabarani. Rwanda iliondoa mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 kwa faini ya hadi shilingi milioni 4, na Tanzania Juni 2019, mifuko hiyo, maarufu kama rambo, ikapigwa marufuku. Kanuni za Tanzania ziliacha nje vifungashio vya huduma za afya na vya bidhaa za viwandani. La kwanza linaeleweka. La pili ni mlango mpana ambao vipodozi vyote vilipitia. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaanza kuuziba mlango huo kwa kumfanya mzalishaji awajibike na kifungashio chake hata baada ya bidhaa kutumika.

Mkataba wa dunia wa plastiki, uliokubaliwa uanze kuandikwa katika kikao cha Nairobi cha Machi 2022, ulikwama Busan mwaka 2024 na tena Geneva Agosti 2025. Ulaya haikusubiri. Kanuni yake ya vifungashio ya mwaka 2025 inataka kila kifungashio kiwe cha kurejelezeka ifikapo 2030, ikaisamehe dawa kwa vile vinavyoigusa moja kwa moja. Vichupa vidogo vya shampuu vya hotelini havikupewa huruma hiyo: vitaondolewa 2030, na mgeni atakamua kutoka chombo kikubwa kilichofungwa ukutani.

Kwa pwani ya Waswahili kuuza kwa kupima si jambo la kufundishwa na Ulaya. Katika maduka ya manukato ya Mombasa na Unguja, chupa kubwa za mafuta ya uturi hupangwa rafuni, na muuzaji humiminia mteja kiasi anachotaka katika kichupa cha kioo, kikubwa au kidogo kwa kadiri ya fedha yake. Kikiisha, kinaoshwa na kujazwa tena.