Kabla ya king'ora kulia, jirani ndiye mwokoaji

WENGI wetu mjini huyaona mafuriko kwenye simu. Kijijini, maji hubisha mlangoni, mara nyingi usiku, stima ikiwa imepotea.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, wakazi wa Kamuchiri, Mai Mahiu, walikuwa wamelala. Takataka zilikuwa zimeziba njia ya maji chini ya tuta la reli. Maji yakajikusanya, yakapasua tuta na kushuka na mawe, miti na nyumba. Zaidi ya watu 45 walifariki.

Saa kama hiyo, anayefika kwanza ni jirani. Ndiyo maana Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufunza vijana wa kujitolea mashinani huduma ya kwanza na uokoaji.

Timu iliyojipanga haihitaji helikopta. Inahitaji filimbi, kamba, tochi yenye chaji na mahali pa juu ambapo kila mtu anajua ndipo pa kukimbilia. Juu ya yote, inahitaji daftari: nyumba gani ina mgonjwa asiyetembea, mama mjamzito, nyanya anayeishi peke yake au mtoto asiyesikia. Filimbi haimwamshi asiyesikia. Lazima kuwe na mtu anayejua kwamba kazi yake ni kugonga mlango huo, na mwingine wa kumshikia akiwa safarini.

Halafu kuna kazi isiyo na sifa, ya kuzibua mitaro kabla ya masika. Hakuna anayeipigia makofi, lakini maji yakipata njia, huenda filimbi isihitajike kabisa.

Shida ni kwamba kujitolea hakulipi kodi ya nyumba. Kijana aliyefunzwa mwaka jana huenda leo anaendesha boda Nairobi. Jina lake bado liko kwenye daftari, lakini usiku wa mvua hatakuwepo. Labda kijana huyo ni wewe.

Basi ukienda ushago, uliza mambo matatu: daftari analo nani, lilisomwa lini mara ya mwisho, na nani atamgongea nyanya mlango. Kama jina lako limo na hurudi karibuni, tafuta wa kukushikia. Hifadhi pia 1199, nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu.

Mvua haitangoja urudi nyumbani Krismasi.