Kagongwa kichwa, apelekwe CT-Scan au la?

DAKIKA ya kwanza tu. Oktoba 14, 2006, Chelsea wako ugenini kwa Reading, kipa Petr Cech anajilaza kuudaka mpira na goti la Stephen Hunt linamkuta kichwani. Kwenye runinga ilionekana purukushani ya kawaida ya ndani ya boksi. Kumbe fuvu lilikuwa limepasuka na kubonyea ndani. Cech alifanyiwa upasuaji Oxford, akarudi uwanjani Januari 2007 na ile kofia aliyoivaa hadi anastaafu.

Sasa njoo kwenye mechi ya Arsenal na Wolves, Novemba 29, 2020. David Luiz na Raul Jimenez wanagongana vichwa wakiwania mpira wa juu. Luiz anafungwa bandeji, anacheza hadi mapumziko. Jimenez anatolewa kwa machela, fuvu limevunjika, anakimbizwa kufanyiwa upasuaji. Mgongano mmoja, vichwa viwili, majibu tofauti kabisa.

Hapo ndipo daktari anapopata mtihani. Akimpiga CT-Scan kila aliyegongwa, foleni haiishi, gharama inapanda, na mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida. Akimruhusu asiyestahili kwenda nyumbani, damu inaweza kuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu huku jamaa anaongea na kucheka vizuri tu. Saa chache baadaye anazimika.

Mwaka 2001 madaktari wa Canada wakiongozwa na Ian Stiell walitoa mwongozo uliotokana na wagonjwa zaidi ya 3,000. Unamhusu mtu mzima aliyepoteza fahamu, aliyesahau kilichotokea au aliyechanganyikiwa baada ya kugongwa, lakini sasa yuko macho. Huyo anahitaji kipimo ikiwa saa mbili zimepita na bado akili haijakaa sawa, ametapika mara mbili au zaidi, ana miaka 65 na kuendelea, au kuna dalili kwamba fuvu limevunjika. Dalili zenyewe ni kama sehemu ya kichwa kubonyea, majimaji meupe kutoka puani au masikioni, weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio. Asiyekumbuka nusu saa nzima kabla ya kugongwa naye anaingia. Aliyepata degedege, aliyelegea mkono au mguu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, huyo hajadiliwi. Watoto wana mwongozo wao.

Mfikirie Christoph Kramer, fainali ya Kombe la Dunia 2014 pale Maracana. Aligongwa dakika ya 17, akaendelea kucheza, kisha akamuuliza mwamuzi Nicola Rizzoli kama ile ndiyo fainali. Alitolewa dakika ya 31. Mtu wa kuuliza swali hilo alitakiwa awe nje muda mrefu tu, lakini swali lile peke yake halimpeleki moja kwa moja kwenye mashine. Daktari anaangalia kama anarudi sawa ndani ya saa mbili.

Tena hapa mashabiki wengi tunachapia. Tukisikia picha imetoka safi, tunataka straika wetu aanze Jumamosi. CT-Scan inatafuta damu na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wa ubongo hauonekani humo. Loris Karius wa Liverpool alipochunguzwa Boston siku tano baada ya fainali ya 2018 dhidi ya Real Madrid, madaktari walisema alipata mtikisiko, na walifika hapo kwa kumpima yeye na dalili zake na kutazama video ya mechi.

Kwenye ndondo zetu hakuna daktari, kuna kopo la maji na mtu anayepiga kelele "simama, wewe mwanaume!" Kichwa hakisikii maji. Aliyezimia hata kwa sekunde chache atoke, asirudi siku hiyo, aende hospitali akaonwe. Akiruhusiwa, asilale peke yake usiku huo. Maumivu ya kichwa yakizidi, akianza kutapika, kuongea ovyo au ikawa kazi kumwamsha, arudishwe hospitali hapohapo, hata kama ni saa nane usiku na bodaboda ni moja mtaa mzima.