Je, Wajua? Samora Ilivyokuwa

Je, wajua kwamba Mtaa wa Samora, pale katikati ya Dar es Salaam, umebadilishwa jina mara tatu? Wajerumani waliuita Unter den Akazien. Walipokuja Waingereza ukawa Acacia Avenue, na baada ya Uhuru, Independence Avenue. Hatimaye ukapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji, ambaye chama chake, FRELIMO, kiliundwa katika jiji hili hili Juni 1962.

Je, wajua Salamander ilikuwa nini kabla ya kuwa ghorofa? Mgahawa. Ulikaa, ukaagiza kahawa, ukaona nani anapita na nani. Jengo la zamani limebomolewa na leo pana Salamander Tower. Jina wameliacha, mgahawa haupo, na kwangu hiyo ni hasara ya kweli.

Hoteli ya New Africa, je? Ile ya kwanza ilirithi jengo la Kaiserhof, hoteli ya enzi ya Mjerumani. Miaka ya 1960, barazani pake, waandishi wa habari, mabalozi na wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika walikunywa bia meza kwa meza, kila mmoja akitega sikio. Hoteli ya leo ni jengo jingine kabisa.

Sasa sinema. Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox: mtu alizizungukia zote kwa miguu. Je, wajua kwamba filamu moja iliweza kuonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja kwa nakala moja tu? Ukumbi wa kwanza ulianza mapema. Mkebe wa kwanza ukiisha, kijana aliudaka, akapanda baiskeli na kuukimbiza ukumbi wa pili, kisha akarudi kuchukua unaofuata. Pancha moja tu, na watu wamekaa gizani wakipiga miluzi, stelingi kaachwa katikati ya ngumi! Vijana wale wa baiskeli wanastahili kutajwa kila tunapotaja sinema za mji huu, maana bila miguu yao picha haikwisha.

Picha la Kihindi likiwa jipya, tiketi ziliisha dirishani na kuhamia mikononi mwa walanguzi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwaliza watu wasiojua neno la Kihindi. Na katika miji ya pwani yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao. Mama zetu walivaa wakapendeza, wakaenda zao.

Je, wajua kwamba Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000? Wenye kumbi na maduka mengi ya mjini waliamka wakiwa wapangaji wa Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi zilifunga biashara na kuhamia Uingereza na Kanada. Madukani zikaja nyakati za RTC, yaani kampuni za biashara za mikoa, na viatu vya Bora, na miaka ya 1980 foleni ya sabuni na sukari.

Sinema hazikufa hapo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Kwa hiyo pazia la sinema liliendelea kuwa dirisha la wengi. Kilichozimaliza kilikuja kwa hatua: kwanza ikaja mikanda ya video, watu wakaanza kubanana sebuleni kwa jirani. Kisha mwaka 1994 vituo binafsi vikaanza kurusha matangazo, na kumbi zikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Na ile Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa 1966, ambako familia zilikwenda na mikeka, watoto na sufuria ya pilau? Uwanja wake ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani leo.