Majina ya Mahali Baina ya Kitale na Bungoma

Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya majina ya mahali katika eneo la Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Historia ya miji hii miwili imekwisha kuandikwa na wenye fani yao. Lililo letu ni kuuliza majina yenyewe yanasema nini juu ya waliokaa, waliopita na waliohamia. Swali hili lina uzito hata nje ya vyumba vya mihadhara. Katika eneo ambalo watu waliuana kwa sababu ya ardhi mwaka 1992, na tena huko Mlima Elgon baina ya 2006 na 2008, si ajabu kusikia jina la kijiji likitolewa kama kwamba ni hati ya shamba.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Kitale ipo kwenye uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,900, baina ya Mlima Elgon (mita 4,321) upande wa magharibi na vilima vya Cherangani upande wa mashariki. Bungoma iko chini zaidi, kusini mwa mlima, kwenye reli iendayo Uganda. Kitale ilianzishwa na walowezi wa Kizungu mwaka 1908 na kufikiwa na tawi la reli mwaka 1926. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 160,000 mjini Kitale, na Bungoma mjini karibu 68,000.

Jina Bungoma ndilo lenye mambo. Wako wasemao kwamba limetokana na neno la Kibukusu *engoma*, yaani ngoma, na hadithi ya ngoma zilizopigwa mahali pale husimuliwa ili kulithibitisha. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kuwa jina limetokana na Wabong'om, tawi mojawapo la Wasabaoti, ambao ni wasemaji wa lugha ya Kikalenjin na walikaa hapo kabla ya Wabukusu kuenea. Kwa maoni yangu umbo la neno linaunga mkono maelezo haya. Silabi ya kwanza ilifanana na kiambishi *bu-*, ambacho katika lugha za Kiluhya hutaja nchi ya watu fulani, kama katika Bunyore na Bunyala; na kwa kuwa neno la Kibukusu halina budi kuishia na irabu, mwisho ukapata *-a*. Linalobaki kuelezwa ni sauti *ng'* kugeuka *ng*. Hapo nadhani *engoma* ina sehemu yake: haikulizaa jina, lakini yaelekea ililivuta lifanane nayo. Kwa hiyo hadithi ya ngoma, ijapokuwa haielezi asili, ni ushahidi wa jinsi wenyeji wapya walivyolifanya jina geni kuwa lao.

Mlima nao una kisa kama hicho. Elgon yatokana na Wakony, ndugu wa hao Wabong'om, ila jina limetufikia likiwa limevikwa kiambishi cha Kimasai, likapokewa na Wazungu kwa umbo hilo. Wabukusu huuita mlima huo Masaba.

Ama Trans Nzoia, wilaya ya zamani ambayo leo ni kaunti yenye makao yake Kitale, maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Lakini ng'ambo kwa nani? Mto Nzoia huanzia Cherangani, ukapita Webuye na kuishia Ziwa Victoria. Kwa aliyesimama Eldoret, Kitale ni ng'ambo. Kwa Msabaoti aliye mlimani, ng'ambo ni Eldoret. Mtoaji jina alitoka upande wa reli na serikali, na miguu yake ingali imo ndani ya jina hadi leo. Majina mengine ya enzi hiyo yamebadilishwa: Hoey's Bridge ikawa Moi's Bridge, na Broderick Falls ikawa Webuye. Hili halikuguswa, labda kwa kuwa halina jina la mtu ndani yake.

Ndani ya mji wa Kitale hali ni nyingine. Kuna mitaa kama Kipsongo, ambalo kwa kiambishi chake laelekea kuwa la Kikalenjin, na kuna Milimani na Mitume, majina ya Kiswahili yasiyo na kabila. Hapo ndipo mji uliojengwa kwa vibarua wa lugha mbalimbali unapojidhihirisha. Mashambani vibarua hao waliamrishwa kwa Kisetla, lakini wao kwa wao walikuza Kiswahili chao wenyewe. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalipogawanywa na kuuzwa, Wabukusu wengi walipanda kutoka Bungoma.

Basi jina laweza kuthibitisha nini? Laweza kuonyesha kuwa wasemaji wa lugha fulani waliwahi kupajua mahali na kupaita. Haliwezi kusema walikaa muda gani, wala kama walikuwa peke yao. Anayetumia Bungoma kuwadai Wabukusu ardhi, na anayetumia *engoma* kuwakana Wabong'om, wote wawili wanalibebesha neno mzigo usio wake.

Kazi ya kukusanya inahitaji uangalifu. Tahajia za ramani mara nyingi hazitenganishi *ng* na *ng'*, wala hazionyeshi toni, na Kisabaoti na Kibukusu zote mbili ni lugha za toni. Kila jina lafaa linaswe mara mbili, kwa kinywa cha Msabaoti na kwa kinywa cha Mbukusu, kabla ya kuulizwa maana yake.