Vikundi vya Kuweka na Kukopa vya Wanawake Mlimani Kilimanjaro: Mchungaji Asimame Wapi?

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za mjane ambaye mumewe alimcha Mungu, lakini alifariki akiacha deni. Mdai alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumchangishia fedha. Alimwuliza alikuwa na nini nyumbani, kisha akamwagiza aazime vyombo kwa majirani, ajifungie ndani pamoja na wanawe, na kumimina mafuta. Mama yule aliuza mafuta, akalipa deni, naye na wanawe wakaishi kwa kilichosalia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa katika sharika zetu za mlimani vinafuata njia hiyo hiyo, na kwamba mchungaji asiyeelewa utendaji wake anaweza kuviharibu kwa nia njema.

Hali ya Uchumi wa Kihamba

Kihamba cha Mchagga hubeba vitu vingi pamoja: migomba, kahawa chini ya kivuli chake, maharage, magimbi, na ng'ombe zizini. Kwa desturi fedha za kahawa zilikuwa za mwanamume, ilhali ndizi na maziwa vilikuwa mkononi mwa mwanamke. Kahawa ndiyo iliyowaunganisha wakulima wa mlimani katika chama chao cha kwanza mwaka 1925, kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Fedha zake zilisomesha watoto wengi na kujenga nyumba nyingi.

Mambo yakabadilika. Mapatano ya kimataifa yaliyolinda bei ya kahawa yalivunjika mwaka 1989, na bei ikaanguka. Vihamba vilikuwa vimekwisha kugawanywa kwa wana, kizazi baada ya kizazi, hata vikawa vidogo mno. Vijana wengi wakashuka kwenda mijini. Hivyo mahitaji mengi ya nyumbani yakaegemea zaidi ndizi na maziwa, yaani mikono ya mama. Lakini mama huyo akienda benki huulizwa dhamana, na kihamba anachokilima hakina jina lake.

Jinsi Kikundi Kinavyofanya Kazi

Akina mama wetu wamezoea upatu tangu zamani. Utaratibu unaotumiwa sasa na vikundi vingi una asili yake Maradi, nchini Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha pamoja na wanawake wa vijijini mwaka 1991. Baadaye uliingia Tanzania, na wengi wanaujua kwa jina la VICOBA. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya namna hii na kuvitaka visajiliwe.

Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 30, huchaguana wenyewe. Hukutana kila wiki, na kila mmoja hununua hisa mbele ya wote. Fedha hufungiwa katika sanduku lenye makufuli matatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata pasiwepo mtu awezaye kulifungua peke yake. Uko pia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni mwaka mmoja, akiba na faida hugawanywa kwa kadiri ya hisa.

Tuchukue mfano. Wanachama 25 wakiweka shilingi 4,000 kila mmoja kwa wiki, kikundi hupata shilingi 100,000. Baada ya wiki 12 sanduku lina shilingi 1,200,000. Mama aliyeweka shilingi 48,000 aweza kuruhusiwa kukopa mara tatu ya akiba yake, yaani shilingi 144,000, akanunua mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni au chakula cha ng'ombe. Hakuna aliyewapa fedha hizo; zilitoka katika nyumba zao.

Swali la Riba

Baadhi ya watumishi huuliza kama ada inayotozwa juu ya mkopo si riba iliyokatazwa katika Kutoka 22. Katazo lile lamlinda maskini asinyonywe na mwenye mali. Katika kikundi mkopaji ni mmoja wa wenye mali, na ada aliyolipa humrudia sehemu yake wakati wa mgawo. Hata hivyo tusilale. Mama aliyeshindwa kulipa huona haya, huacha kikundi, na mwishowe huacha hata ibada. Hapo ndipo uchungaji unapohitajika: kumtembelea, na kukiomba kikundi kimwongezee muda. Kamwe majina ya wadaiwa yasitangazwe kanisani.

Mahali pa Mchungaji

Majirani wa mjane waliazimisha vyombo, hawakuyadai mafuta. Usharika na ufanye vivyo hivyo: utoe chumba cha kukutania na mafundisho ya kutunza hesabu. Mchungaji asiwe mwenyekiti, asishike ufunguo, wala asigeuze akiba kuwa mchango wa jengo.

Liko jambo zito zaidi. Mama aweza kuweka akiba miaka kumi, akanunua ng'ombe na kupanda migomba, kisha mumewe akifariki akaambiwa kwamba kihamba ni cha ukoo. Binti za Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa wakidai urithi, na Bwana akasema kwamba wamenena haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo.

Sisi wachungaji huzika, na mara nyingi tunaalikwa kuomba kabla ya kikao cha ukoo baada ya maziko. Mara nyingi huomba, tukanywa chai, tukaondoka. Yafaa tubaki mpaka neno la kihamba limesemwa, ili mjane asibaki peke yake mbele ya wazee.