Picha Uliyoitoa Google Ina Mwenyewe

Mwaka ule nilipomaliza chuo, digrii ya uuzaji mkononi na kazi sina, shangazi yangu alinipigia simu. Yeye huoka keki nyumbani kwake Kitengela. "Wewe si ulisomea mambo ya matangazo? Nitengenezee moja basi niweke Facebook." Nikaona hapa ndipo nitamwonyesha ile karo aliyochangia haikupotea.

Shida ilikuwa moja: keki zake tamu, picha zake mbaya. Alikuwa amezipiga usiku chini ya balbu ya manjano, na nyuma unaona sufuria na slipa za watoto. Nikaingia Google, nikatafuta keki ya chokoleti, nikachukua picha iliyonipendeza zaidi. Nikaweka jina la biashara yake juu, bei katikati, nambari yake ya Till chini. Dakika ishirini, kazi imeisha.

Siku ya tatu yakaingia mambo mawili. Mteja alituma shilingi 1,500 kama malipo ya kwanza, akitaka keki "kama hiyo ya kwa picha, usibadilishe kitu." Halafu ukaingia ujumbe wa mwanamke anayeoka keki Thika: "Dada, hiyo keki ni yangu. Niliioka mimi na mpiga picha nikamlipa. Itoe leo, na tuongee malipo."

Nilimjibu kwa kiburi cha mtu mwenye digrii. Nikamwambia picha iko Google, haina alama yoyote, na tena hii ni "fair use". Hilo neno nilikuwa nimelisikia YouTube. Akaniuliza swali moja tu: "Fair kwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilipoenda kuisoma sheria nikapata kwamba karibu kila kitu nilichomwambia kilikuwa makosa.

Ninaandika haya kwa sababu wengi wetu siku hizi tunauza kwa simu. Picha ndiyo duka, Till ndiyo kaunta. Na wengi tunajaza duka kwa mali ya wenyewe bila kujua.

Hakimiliki haingojei cheti

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi inalindwa pindi tu inapoandikwa, kurekodiwa au kuwekwa katika umbo lingine la kushikika, mradi mwenyewe ametia bidii ya kutosha kuifanya iwe kazi yake asili. Picha ya simu inaingia hapo. Ile alama ya © si lazima iwepo. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ni hiari. Cheti husaidia zaidi siku mnapobishana nani alitangulia.

Kinacholindwa ni kazi yenyewe, wazo halilindwi. Keki ya chokoleti yenye maua meupe pembeni yeyote anaweza kuoka. Kama ningeenda jikoni nikaoka yangu, nikaipiga picha mwenyewe, yule dada wa Thika hangekuwa na neno. Lakini mimi sikuchukua wazo lake. Nilichukua picha yake.

Na Google je? Google ni kama mtu wa boda aliyekufikisha dukani. Kukufikisha si kukupa bidhaa. Picha zinazotokea pale zina wenyewe, na zile ambazo mwenyewe ameruhusu zitumike huwa na leseni inayosema hivyo waziwazi. Ukiwa kwa matokeo ya picha, Google yenyewe ina kichujio cha haki za matumizi ambacho huonyesha zenye leseni. Mimi nilikuwa sijawahi hata kukibonyeza.

Aliyepiga ama aliyelipa?

Hapa ndipo nilishangaa zaidi, na ndipo watu wengi wa biashara ndogo hukosana. Nilidhani nimempata yule dada: kama mpiga picha ndiye alipiga, basi picha ni ya mpiga picha, yeye ananidai kama nani?

Kumbe sheria yetu inasema hivi: mtu akipewa kazi na kulipwa aifanye, hakimiliki inachukuliwa kwamba imehamia kwa yule aliyeiagiza, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Ni hivyo pia kwa kazi unayomfanyia mwajiri wako ukiwa kazini. Kwa hivyo dada wa Thika alikuwa sawa. Aliagiza, akalipa, picha zikawa zake.

Lakini sikiliza upande wa pili, kwa sababu pia wapiga picha na wachoraji wa nembo wanatusoma. Kama wewe ndiye fundi na unataka kubaki na haki ya kazi yako, ama unataka haki ihame tu baada ya kulipwa pesa yote, lazima mkubaliane hivyo. Ukinyamaza, sheria inampa aliyekuagiza. Na kama mpiga picha alipiga kwa hiari yake, kwa mfano picha ya machweo ya Lamu, halafu akakuuzia nakala, umenunua nakala tu. Kuichapisha kwa fulana na kuziuza ni jambo lingine.

Kuna tofauti nyingine ambayo inafaa ukae nayo. Kuhamisha hakimiliki yote, ama kumpa mtu ruhusa ya kuitumia peke yake bila mwingine, ni lazima kuandikwe na kutiwa sahihi na mwenye haki. Ruhusa ya kawaida, ya kutumia tu, inaweza kuwa hata ya mdomo. Sasa mdomo una shida zake. Ule ujumbe wa malipo unaobaki kwa simu yako unaonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Hauonyeshi ulikuwa unalipia nini. Ukimlipa mtu shilingi 1,000 atumie picha yake nawe useme ulinunua picha, wote wawili mna ujumbe uleule. Mwandikie kwanza: "Naomba kutumia hii picha kwa tangazo la Facebook, mwezi mmoja, kwa shilingi 1,000." Akijibu sawa, ndipo utume pesa. Weka zote mbili, mazungumzo na ujumbe wa malipo.

Tukiwa bado kwa picha, usisahau mtu aliye ndani ya picha. Hata kama picha umeipiga wewe na hakimiliki ni yako, sura ni ya mteja. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mtu aliyekuja kustarehe, bila idhini yake. Mwenye saluni anayepiga wateja picha za nywele, uliza kwanza.

Na ile "fair use" je?

Hilo ni neno la sheria ya Marekani. Huko, mahakama hupima mambo manne: kazi imetumiwa kwa lengo gani, ni kazi ya aina gani, kimechukuliwa kiasi gani, na matumizi hayo yanaathiri vipi soko la mwenyewe. Tunalisikia sana kwa sababu YouTube na Facebook ni kampuni za Marekani.

Sheria ya Kenya ina kitu kinachokaribiana na hicho lakini chembamba zaidi. Inaruhusu matumizi ya haki kwa shughuli zilizotajwa: utafiti wa kisayansi, matumizi yako binafsi, uhakiki, na kuripoti matukio ya sasa, na inataka chanzo kitajwe. Mwanafunzi anayenukuu kitabu kwa utafiti wake, sawa. Mtu anayehakiki filamu na kuonyesha kipande kidogo anachokizungumzia, sawa. Mimi niliyechukua picha nzima ya keki ili kuuza keki nyingine, siingii popote hapo. Hata kwa kipimo cha Marekani ningekuwa na kazi ngumu: nilichukua yote, nikaitumia kibiashara, na nikawinda wateja walewale ambao mwenyewe anawatafuta.

Yale maneno tunayobandika chini, eti "sikukusudia kuvunja hakimiliki" ama "shukrani kwa mwenyewe", hayageuki kuwa ruhusa. Kutaja mwenyewe ni heshima, na kwa uhakiki sheria inakudai umtaje, lakini tangazo lako halipati uhalali kwa kumtaja uliyemchukulia. Kwanza ni kama kujiandikia kesi. Pia ile hadithi kwamba wimbo ukitumia chini ya sekunde 30 uko salama, sheria yetu haina nambari kama hiyo.

Muziki kwa video za biashara

Mei 2022, Sauti Sol walilalamika hadharani kwamba wimbo wao Extravaganza ulitumika kwenye video ya kampeni ya muungano wa Azimio bila idhini yao. Upande wa kampeni ulijibu kwamba nia ilikuwa kuonyesha mapenzi kwa wasanii wa nyumbani. Tuache siasa kando. Fundisho lake kwa mwenye duka ni kwamba kucheza wimbo mahali pa watu ni ruhusa moja, na kuunganisha wimbo na video ni ruhusa nyingine, ambayo unaiomba kwa wenye wimbo. Kulipia huduma ya kusikiliza nyimbo kwa simu hakukupi hata moja kati ya hizo. Umelipia kusikiliza wewe. TikTok ina maktaba ya muziki iliyotengwa kwa akaunti za biashara. Tumia hiyo.

Kama unacheza muziki kwa kinyozi, hoteli ama matatu, utatakiwa kulipia leseni, na pesa hizo ndizo hutoka mirabaha ya wasanii. Hapa tahadhari ya pesa: kampuni za kukusanya mirabaha hupewa leseni na KECOBO, na kuna miaka orodha hubadilika. Mtu akija na fulana yenye maandishi na kitabu cha risiti, muulize barua yake, thibitisha na KECOBO, na ulipe kwa akaunti yenye jina la taasisi. Akikuambia tuma kwa namba yangu hii kwa sababu ile ya ofisi ina shida leo, mwambie atarudi ikipona.

Na kwa wale ambao huweka wimbo unaosikika kabla simu haijachukuliwa: marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanasema msanii ama mwenye hakimiliki apate si chini ya asilimia 52 ya mapato yake. Kwa hivyo zile shilingi zinazokatwa, zaidi ya nusu zinapaswa kumfikia mwenye wimbo.

Haki hizi huisha siku moja. Maandishi, muziki na michoro hulindwa maisha yote ya mwenyewe na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hivyo kwa hesabu ya Kenya ulinzi uliisha na mwaka 2012, na unaweza kuchapisha maneno yake kwa vikombe ukauza. Jalada jipya la kitabu chake, lililochorwa na mtu aliye hai, hapana.

Zamu yetu

Tulimlipa dada wa Thika shilingi 3,000. Shangazi ndiye aliyesisitiza. Yule mteja wa keki "kama ya kwa picha" alirudishiwa 1,500 zake, kwa sababu shangazi hajui kutengeneza yale maua, na alinisema hadi nikaenda kukaa nje. Kisha tukapiga picha zetu, asubuhi, karibu na dirisha, kitambaa cheupe chini. Zilitoka poa sana.

Zilitoka poa mpaka zikaibwa. Miezi michache baadaye mama mmoja wa Rongai alimpigia shangazi akiuliza keki yake iko wapi. Kumbe kulikuwa na ukurasa mwingine wenye picha zetu zote na nambari tofauti ya simu, ukipokea malipo ya kwanza ya shilingi 2,000. Walaghai wengi huanza hivi, na picha ya mtu mwingine. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama ukurasa unasema keki na jina ni la mtu ambaye hajatajwa popote, uliza. Ukishatuma, wapigie mara moja waliokupa huduma ya pesa, usingoje kesho.

Safari hii sheria ilikuwa upande wetu. Nilijaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya Facebook: kiungo cha picha zetu za kwanza, kiungo cha zile zilizoibwa, maelezo yetu, na tamko kwamba ninayosema ni kweli. Tumia barua pepe ya biashara hapo, kwa sababu anayelalamikiwa anaweza kuonyeshwa jina na anwani ya mlalamishi. Kilichonisaidia zaidi ni picha asili, ambazo zilikuwa bado kwa simu ya shangazi zikiwa na tarehe. Hata hapa kwetu, marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa mwenye haki kuandikia watoa huduma za intaneti notisi ya kuondoa kazi iliyoibwa.

Ukurasa ule uliondolewa baada ya siku nne. Pesa za mama wa Rongai zilikuwa zimeshatolewa. Shangazi alimwokea keki ya kilo moja kwa nusu bei, na akamwomba ruhusa, kwa maandishi, kuweka picha ya mtoto wake akiikata.