Likodi Kwanza, Livushe Busisi

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, safari ya gari kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita imepoteza mapumziko yake. Zamani dereva alizima injini Kigongo, akangoja kivuko, akavuka Ghuba ya Mwanza kwa zaidi ya nusu saa, kisha akawasha tena upande wa Busisi. Siku ya foleni ndefu, saa mbili ziliishia hapo. Sasa kilomita 3 za daraja humalizwa kwa dakika chache, na gari halina sababu ya kusimama mpaka Sengerema.

Kwa abiria ni neema. Kwa mpenzi wa magari, barabara hii imekuwa pia kipimo. Kivuko kilisitiri mengi: rejeta iliyoanza kuziba ilipata muda wa kupoa, na tairi lililochemka lilipoa pamoja nayo. Mnunuzi aliyejaribu gari kati ya Buhongwa na Usagara tu alirudi mjini ameridhika, kumbe hajaona kitu.

Ndipo kukodi kabla ya kununua kunapolipa. Magari ya kukodi jijini Mwanza kwa kawaida ni yale yale yaliyojaa kwenye yadi: Toyota IST, Noah, RAV4, Prado. Aliyekodi kwa siku moja anaweza kupakia watu wanne na mizigo, akawasha kiyoyozi, akavuka Busisi na kurudi bila dalali kumhimiza kutoka kiti cha pembeni. Gari la kukodi halitamwonyesha ubovu wa lile analotaka kulinunua. Litamwonyesha tabia za aina hiyo: linavyopanda mlima, linavyoshika barabara upepo wa ziwa unapolipiga ubavuni, na linavyokula mafuta likiwa limejaa.

Tabia hizo hutegemea pia mahali gari lilipo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Mwenye Prado huenda asihisi. Mwenye IST ya cc 1,300 iliyobeba watu watano kupanda kilima cha Bugando atahisi, na hapo ndipo tofauti kati yake na IST ya cc 1,500 inapoonekana, ingawa kwa nje magari hayo ni mapacha.

Mwinuko huo huo hugusa maji ya rejeta. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi ukanda huu, na injini nyingi hufanya kazi zikiwa na joto la nyuzi 90 au zaidi. Kinachozuia maji yasichemke ni kulenti pamoja na mfuniko wa rejeta, ambao hubana mgandamizo ndani ya mfumo na kupandisha kiwango cha kuchemka. Mfuniko uliolegea ni kifaa cha bei ndogo, lakini huweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Anayejaza maji ya bomba badala ya kulenti analeta pia kutu ndani ya rejeta.

Kila gari lina mahali pake. IST iliingia sokoni Japani mwaka 2002, na toleo lake la kwanza lina gia otomatiki ya hatua nne ambayo mafundi wengi wanaijua vizuri. Probox, iliyotoka mwaka huo huo, iliundwa kwa ajili ya mizigo, na ndiyo sababu inavumilia kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria kati ya miji, ingawa safari yake si laini. Nissan X-Trail ya kuanzia 2007 hukaa vizuri zaidi barabarani na ina nafasi, lakini nyingi zina gia ya CVT, inayotaka mafuta yake maalumu. Fundi akiweka mafuta ya gia ya kawaida, mwenye gari ajiandae kutafuta gia boksi nyingine.

Halafu kuna Hardtop, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 uliozaliwa mwaka 1984. Nyingi zilizoko nchini zina injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, cc 4,200 hivi, bila turbo. Kwenye lami ya Geita ni nzito, ina kelele, na gari dogo litaipita. Likodi gari hilo hilo kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka wakati wa masika, na hesabu inageuka. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa tairi na kuziba mistari yake, na gari dogo hubaki likizungusha magurudumu pale pale.

Anayeamua kumiliki hukutana na maswali mengine. Muuzaji atataja «namba E» kama sifa, lakini herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa Tanzania lini, si lilitengenezwa lini. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia. Tanzania inaliruhusu na kulitoza ushuru wa uchakavu, kwa hiyo namba mpya inaweza kuwa juu ya gari kuukuu.

Matairi nayo yachunguzwe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baadhi ya magari huja kutoka Japani na matairi ya theluji, yenye mpira laini. Kwenye lami ya jua kali hulika upesi, na kwa mwendo mrefu usio na kituo hupata joto kupita kiasi. Hata kama yana mistari mirefu, yabadilishwe.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na mahali pake kukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Gari lililoegeshwa nyumbani halidaiwi tena ada hiyo, ila bima, betri na matairi huendelea kula pesa hata likilala. Kwa mkazi wa Mwanza anayekwenda porini mara mbili kwa mwaka, hesabu nafuu ni kumiliki IST au Probox kwa ajili ya mjini na Sengerema, na kukodi Hardtop kwa siku za Ndabaka.